Nani Kakata Mkoko? Fani na Uhifadhi wa Mazingira katika Maandishi ya Bagamoyo na Mrima

Makala haya yalianzia jikoni, si maktabani. Miaka michache iliyopita mjomba wangu, mkazi wa Bagamoyo, alikamatwa akisukuma mkokoteni wenye miti ya kujengea. Aliandikishwa maelezo katika ofisi moja, akalipa faini, akarudi nyumbani. Nakala ya maelezo yale niliisoma mwenyewe. Ilikuwa na sentensi chache tu: kwamba yeye, mkulima na mvuvi, alikutwa na miti aina ya mikoko bila kibali, na kwamba anakiri kosa. Jioni ile ile alituhadithia kisa hicho hicho akiwa amekaa mkekani, na chai ikapoa kabla hajamaliza. Mlikuwamo mvua ya masika iliyobomoa paa la jiko la bibi. Mlikuwamo bei ya mirunda mjini. Mlikuwamo rafiki aliyemwambia kuna mikandaa imelazwa na maji, itaoza bure. Nilipomwuliza mbona hayo yote hayakuandikwa, alicheka. "Mpwa wangu," akasema, "mle kwenye karatasi bibi yako hayumo."

Darasani tumefundishwa kwamba fani na maudhui havitenganiki. Tunaikariri kauli hiyo, tunaiandika kwenye mtihani, basi, imekwisha. Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka nilipokutana na matini hizi mbili za tukio moja. Maudhui ni yale yale: mtu amekata, au ameokota, mti wa pwani. Lakini tanzu ni mbili, na kila utanzu umemtoa mtu tofauti: mmoja umemtoa mkosaji, mwingine umemtoa mtoto anayemjengea mama yake jiko.

Makala haya yananuia kufuata historia ya jambo hilo katika eneo dogo, yaani Bagamoyo na pwani inayoanzia kaskazini ya Dar es Salaam hadi Saadani. Nitauliza: watu walioandika juu ya misitu, bahari na wanyama wa pwani hii walitumia tanzu gani? Na kila utanzu ulimfanya nani awe mtenda, nani awe mtendwa, na nani asitajwe kabisa? Sidai kwamba nimemaliza matini zote. Nadai tu kwamba sisi wa fasihi tumeliacha jambo hili kwa watu wa sayansi, nao hawakulitaka kwa sababu ni la lugha.

Kabla ya neno "mazingira"

Tuanze na miti yenyewe. Sheria na mabango husema "mikoko", nasi wasomi tunafuata. Wenyeji wa Mrima wana majina mengi zaidi. Kuna mkoko wenyewe, unaotoa boriti. Kuna mkandaa, wa nguzo nyembamba na wa maganda ya kutia rangi. Kuna msinzi, mchu, mlilana, mkomafi na msikundazi. Fundi wa madau anajua kwamba mataruma hayatoki kwenye mti wowote tu. Mchoma chokaa anajua mti upi unashika moto. Hata mti ukishakatwa jina halikomi: kuna fito, kuna pau, kuna mazio, kuna boriti, kuna nguzo, na zote huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini.

Hiyo ni lugha ya biashara kongwe. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za pwani hii na kuzipeleka Uarabuni, kwenye nchi isiyo na miti ya kujengea. Nyumba za mawe za Unguja na za Bagamoyo yenyewe zina vyumba vyembamba kwa sababu dari lilibebwa na boriti, na boriti haiwezi kurefushwa kuliko mti ulivyoota. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba zamani watu wa pwani hawakukata. Walikata sana. Methali inayosema ukiona vyaelea vimeundwa ni sifa ya fundi, lakini kila kinachoelea kimetokana na mti ulioangushwa.

Je, uhifadhi ulikuwapo? Ulikuwapo, ila haukuandikwa kwa jina hilo. Uliishi ndani ya tanzu za mdomo. Mbuyu wenye mzimu haukatwi. Hakuna mtu aliyehitaji kuupigia kibao. Methali ya mvunja nchi ni mwananchi haisemi lolote kuhusu miti, lakini kila mtu aliyelelewa pwani ameisikia ikitumiwa kwa mtu aliyechoma msitu au aliyeharibu kisima. Fani ya methali haina mtuhumiwa maalumu. Inatupwa barazani, na mwenye kosa anaiokota mwenyewe, kimya kimya, bila kuaibishwa.

Matini ya kwanza kubwa ya nathari kutoka kwa mwana wa Bagamoyo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mjerumani Carl Velten alichapisha kazi yake, Desturi za Wasuaheli, mwaka 1903. Miaka miwili kabla yake, katika Safari za Wasuaheli ya 1901, alikuwa amekwisha kuchapishwa maelezo ya Mtoro juu ya safari yake ya Udoe na Uzigua, yaani nchi iliyo nyuma ya Bagamoyo hii hii.

Ukiitafuta sura ya mazingira katika Desturi huikuti. Utakuta malezi, ngoma, ndoa, pepo, safari za bara, utumwa, madeni, mazishi. Nchi imo humo humo ndani ya mwenendo wa watu, haijatengwa. Hilo ni jambo la fani. Utanzu wa desturi unaeleza kile ambacho watu hufanya. Kitenzi chake ni cha mazoea, si cha amri. Mtendaji wake ni "watu", "mtu", "wazee". Hauna mkosaji kwa sababu hauna polisi. Lakini tusiusifu mno. Kitabu kilitungwa kwa matakwa ya Velten, katika chuo cha Berlin kilichokuwa kikiwaandaa maofisa wa kutawala koloni. Desturi ikishaandikwa kwenye kitabu cha mtawala, inaweza kugeuzwa kuwa kanuni.

Sheria: kitenzi bila mtenda

Sasa tuje kwenye sheria, na hapa historia ya Mrima ina jambo ambalo halipaswi kusahauliwa. Hermann von Wissmann ndiye aliyetumwa na Ujerumani kuwavunja wapiganaji wa pwani. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1895 Wissmann huyo huyo akarudi kama gavana, na mwaka 1896 akatoa amri ya kuhifadhi wanyama, amri iliyoanzisha maeneo ya kwanza ya kuzuia uwindaji katika koloni hili. Mkono uliotia saini hifadhi ni ule ule uliopiga mizinga pwani. Sisemi kwamba kumhifadhi tembo ni kosa. Nasema utanzu wa sheria ya uhifadhi ulizaliwa kwetu ukiwa tayari na sauti fulani, sauti ya mtu aliyekwisha kushinda vita na hasubiri kujibiwa.

Sauti hiyo iliendelea. Ikaja amri ya Wajerumani ya kulinda misitu ya 1904. Waingereza wakaleta sheria yao ya misitu ya 1921. Baada ya Uhuru tukapata Sheria ya Uvuvi ya 1970, na mwaka 1975 visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, hapa kaskazini ya Dar es Salaam, vikatangazwa kuwa hifadhi. Ikaja Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, Sheria ya Misitu ya 2002, halafu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Saadani, iliyokuwa pori la akiba tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hifadhi ya taifa inayopakana na Bahari ya Hindi.

Tazama mtindo. Kiima cha sheria ni "mtu yeyote". Kitenzi chake ni cha kukanusha au cha kutendwa: hairuhusiwi, itachukuliwa, atahesabiwa. Wakati wake ni ujao wenye sharti: atakayekata atatozwa. Hakuna jana katika sheria. Mvua ya masika iliyobomoa jiko ilinyesha jana, kwa hiyo haina nafasi. Vipimo vyake ni vya namba. Kifungu cha 57 cha sheria ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa au mto pale zinapoweza kuhatarisha mazingira. Mvuvi wa Kaole naye ana vipimo vyake: maji ya bamvua yanafika wapi, maji mafu yanaishia wapi, chombo kinavutwa mpaka wapi usiku. Vipimo hivyo viwili vinaweza kukubaliana mahali fulani, lakini hakuna utanzu unaowakutanisha wenye vipimo hivyo.

Na kuna la lugha yenyewe. Kwa miaka mingi sheria hizi zilitungwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo yalipofanyika marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Maana yake mtu wa Mlingotini au wa Saadani alikuwa akihukumiwa kwa matini asiyoweza kuisoma. Alichokijua ni tafsiri yake fupi, yaani kibao: "Ni marufuku." Kibao ni utanzu pia, wenzangu. Ni utanzu mfupi kuliko haiku, na una msomaji mmoja tu: yule anayedhaniwa kuwa mkosaji.

Hata hivyo nataka kuwa mwadilifu. Ile "mtu yeyote" ninayoilaumu ina heshima yake. Ni kiima kinachomweka mwenye lori na mwenye mkokoteni mahali pamoja. Baruti inayolipuliwa juu ya matumbawe haivui samaki tu; inavunja nyumba yao, na vifaranga vya kesho vinakufa pamoja na samaki wa leo. Shairi la huruma halimzuii mlipuaji. Sheria inaweza. Tatizo si kwamba sheria haina uso. Tatizo linaanza pale inapotekelezwa, ambapo "mtu yeyote" hugeuka kuwa mtu wa kwanza aliyeonekana barabarani, na huyo kwa kawaida ndiye anayesukuma mkokoteni.

Kampeni na ngonjera: majibizano yenye mshindi aliyepangwa

Baada ya Uhuru sauti ya amri ilihitaji ndugu yake mpole, nayo ikapatikana: kampeni. Nchi yetu ilifahamika duniani kwa kampeni za redio na vikundi vya kusikiliza, kama ile ya Mtu ni Afya ya 1973. Misitu nayo ilipata kaulimbiu zake. Muundo wa kaulimbiu hizo ni sentensi isiyo na kitenzi cha kutenda: kitu fulani ni kitu fulani. Mtu ni afya, misitu ni mali, maji ni uhai. Kiambishi cha mtu hakuna. Anayekata hayumo, anayepanda hayumo. Ni nzuri kwa kukumbukwa, na hiyo ndiyo kazi yake. Lakini haiwezi kubishiwa. Nani atasimama aseme misitu si mali? Na kama misitu ni mali, mbona swali la "mali ya nani" halisikiki redioni?

Shuleni kampeni ilivaa nguo ya ngonjera. Mathias Mnyampala ndiye aliyeukuza utanzu huu, na Ngonjera za Ukuta zilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila mmoja wetu aliyesoma shule ya msingi amewahi kusimama mbele ya mgeni rasmi, wawili wawili, mmoja mjinga na mwingine mwerevu. Mjinga anataka kukata miti. Mwerevu anamjibu. Beti kama saba hivi mjinga anakiri, wanashikana mikono, mgeni rasmi anapiga makofi.

Kifani, ngonjera ni hatua kubwa mbele ya kibao, kwa sababu angalau mkata miti amepewa kinywa. Mimi nilipangiwa kuwa mjinga darasa la tano, na nilifurahi kwa sababu mistari ya mjinga ndiyo iliyochekesha. Lakini hoja zake zimetungwa na mwerevu. Mjinga wa ngonjera hukata miti kwa uvivu au kwa kutojua. Hakati kwa sababu jiko la mama limeanguka, wala kwa sababu kuna mnunuzi mjini anayelipa taslimu. Akipewa sababu za kweli, beti saba hazitatosha kumshinda, na sherehe itachelewa. Kwa hiyo utanzu wenye sura ya majadiliano unafanya kazi ya kibao, ila kwa vina.

Ripoti: kila kitu kimekuwa jina

Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 ukaingia utanzu mpya ambao leo ndio wenye nguvu kuliko yote: mpango na ripoti. Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira liliundwa kwa sheria ya 1983. Mwaka 1991 ulitoka mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara, ulioandaliwa na Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanasayansi aliyeifahamu mikoko kwa majina na kwa matumizi yake. Ni kazi ya heshima. Bila ripoti za namna hiyo tusingejua nini kimebaki. Hata mmomonyoko wa fukwe za Kunduchi, uliotishia hoteli na makazi, ulieleweka kwa sababu wataalamu walipima na kuandika. Wakaonyesha pamoja na mengine kwamba mchanga unaochimbwa mitoni ni mchanga usiofika ufukweni.

Lakini sisi ni wanafunzi wa lugha, hebu tuisome ripoti kama lugha. Alama yake kuu ni kugeuza vitenzi kuwa majina. Watu hawakati; kuna "ukataji". Watu hawashauriwi; kuna "ushirikishwaji wa jamii". Samaki hawapungui machoni pa mtu fulani. Kuna "upungufu wa rasilimali". Na wale watu wenyewe, wenye majina, koo na ugomvi wao, wamekuwa "wadau". Neno hili la wadau linanisumbua. Mjomba wangu ni mdau, mwenye kiwanda cha chumvi ni mdau, mwekezaji wa hoteli ni mdau, Serikali ni mdau. Kwenye sentensi wote wamekaa kiti kimoja. Kwenye mkutano siyo.

Mfano wa karibu ni Saadani. Hifadhi ilipopandishwa hadhi, wakazi wa kitongoji cha Uvinje walilalamika kwamba ardhi yao imeingizwa ndani ya mipaka, na mgogoro huo ukaandikwa sana. Ukiutazama kwa jicho la uhakiki ni mgogoro wa tanzu: upande mmoja una ramani, upande mwingine una makaburi ya mababu na simulizi za nani alihamia lini. Ramani inaweza kuambatishwa kwenye ripoti. Simulizi inafupishwa kwenye aya moja inayoanza na "wananchi walidai". Kitenzi "kudai" kimekwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajafika kwenye nukta.

Jukwaa: mshtakiwa anapojibu

Ni bahati kwamba Bagamoyo hiyo hiyo ina historia ya utanzu mwingine. Chuo cha Sanaa kilianzishwa pale mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Miaka hiyo hiyo ya 1980, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama, walikuwa wakijaribu sanaa za maonyesho kwa maendeleo katika vijiji: Malya kule Mwanza, kisha Bagamoyo na Msoga. Mlama aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha 1991 juu ya utamaduni na maendeleo.

Sitaki kudai kwamba michezo ile ilihusu mikoko. Ninachokitaka ni mbinu yake. Wasanii hawaji na mchezo uliokwisha kuandikwa. Wanakaa kijijini, wanauliza, wanachambua tatizo pamoja na wanakijiji, wanatunga kwa kutumia ngoma na hadithi za pale pale, wanaonyesha, halafu mjadala unafunguliwa na mtazamaji anaweza kusimama aseme, "Hapana, haikuwa hivyo." Kati ya tanzu zote nilizozitaja mpaka sasa, huu ndio wa kwanza ambao mtuhumiwa anaruhusiwa kusahihisha matini.

Hapo ndipo tofauti na ngonjera inapokuwa wazi. Zote ni za mdomo, zote zina pande mbili, zote hupigiwa makofi. Lakini ngonjera ina mwisho kabla ya kuanza, na mchezo wa jukwaani wa namna hii hauna mwisho hata baada ya kwisha. Udhaifu wake nao ni huo huo. Ukishamalizika hakuna kinachobaki kwenye faili. Ofisa anayepanga bajeti hawezi kuambatisha ngoma. Na mara nyingi mradi unaolipia nauli ya wasanii unataka wahitimishe kwa ujumbe uliotakiwa. Basi mchezo unarudi kuwa ngonjera bila vina.

Shairi, tamthilia, na makosa yetu wahakiki

Mtaniuliza: fasihi andishi iko wapi? Ipo, na hapa lawama ni yetu. Chukua Mashetani ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1971. Ule mchezo wa shetani na binadamu una mbuyu. Tumeandika kurasa na kurasa kwamba mbuyu ni ishara, kwamba shetani ni ukoloni mamboleo, kwamba Juma na Kitaru ni matabaka. Sipingi. Lakini sijamsikia mwenzetu yeyote darasani akiuliza mbuyu ule kama mbuyu: kwa nini uovu na kumbukumbu ya nchi vimewekwa kwenye mti, na siyo kwenye jengo? Mtoto wa pwani hahitaji kuambiwa jibu.

Au chukua Kimbunga, diwani ya Haji Gora Haji iliyochapishwa mwaka 1994. Mtunzi alikuwa mtu wa Tumbatu, mvuvi na baharia kabla ya kuwa jina la kwenye silabasi. Shairi lililoipa diwani jina lake kwa desturi tunalisoma kama fumbo la misukosuko ya jamii. Sawa. Lakini mtu aliyekula kwa bahari akiandika kimbunga, kimbunga nacho kimo, na upepo wake una majira yake.

Kwa hiyo kosa letu linafanana na kosa la sheria, ila kwa upande wa pili. Sheria inaona mti na kuuhesabu kuwa kielelezo cha kosa. Sisi tunaona mti na kuuhesabu kuwa ishara ya kitu kingine. Mwisho wa siku hakuna aliyeuona mti, wala aliyekaa chini yake.

Dunia nyingine inatupa mifano ya kutoka hapo. Rachel Carson wa Marekani, katika kitabu chake cha 1962 juu ya sumu za kuulia wadudu, alianza na ngano fupi ya mji ambao ndege wake wamenyamaza, ndipo akaingia kwenye ushahidi wa kisayansi. Jirani yetu Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt mwaka 1977, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 2004 alihitimisha hotuba yake kwa kukumbuka kijito cha utotoni alikokuwa akiteka maji na kucheza na mayai ya vyura. Hawa wawili hawakuchagua kati ya ripoti na hadithi. Walijua kwamba ripoti inathibitisha na hadithi inamrudisha mtu ndani ya ushahidi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba katika pwani hii kila utanzu wa uhifadhi una mtu unaomtoa nje. Methali inamsitiri mkosaji. Desturi inamweka ndani ya "watu". Sheria inamfanya "mtu yeyote". Kaulimbiu inamfuta. Ngonjera inamfanya mjinga. Ripoti inamfanya mdau. Jukwaa linamjibisha, na shairi linamgeuza fumbo. Hakuna utanzu mmoja unaotosha, na anayetaka kulinda mikoko ya Bagamoyo kwa utanzu mmoja anajidanganya.

Nini kifanyike? Napendekeza mambo mawili, tena madogo. Kwanza, tunapokwenda likizo, tuandike simulizi za wavuvi, mafundi wa madau na wachoma chokaa kwa majina ya miti wanayoyatumia wao, kabla majina hayo hayajamezwa na neno moja la "mikoko". Pili, tusome sheria na ripoti za mazingira darasani kama tunavyosoma riwaya: nani kiima, nani yambwa, nani kanyamazishwa. Walimu wetu watasema hiyo si fasihi. Nawajibu kwa heshima: mjomba wangu alihukumiwa kwa matini, si kwa shoka.

Na makala haya? Nayo ni utanzu, nayo yana dhambi yake. Nimemtumia mjomba kama mfano na kumwondoa mkekani kwake ili nipate hoja. Nilipomsomea rasimu alisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha pahali pamoja tu. Miti ilikuwa kumi na minne, akasema, siyo korja nzima kama nilivyokuwa nimeandika, na miwili kati yake ilikuwa michu. Nimeifuta korja. Paa la jiko la bibi bado halijamalizika.